Uzi unakatika kila nikiuachia: kosa ni mkono, kijiti au hewa ya Arusha?

#1 Mama_Kijenge
Habari wakuu. Niko wiki ya tatu najifunza kusokota uzi kwa mkono, ule wa kijiti kinachoning'inia huku kinazunguka. Niliona kwenye video, nikasema kitu chenyewe ni kijiti na kigurudumu, nini kitanishinda. Seremala wa hapa Kijenge kanichongea kijiti kirefu kama rula, chini kapigilia kibao cha duara, juu nimekunja msumari mdogo uwe ndoano. Malighafi nimenunua soko la Kilombero, nusu kilo. Lengo ni kofia ya mtoto kabla ya baridi ya Juni.

Tatizo: navuta kidogo, nasokota, uzi huu hapa naushika kabisa. Nikiachia kijiti tu, tap, kiko sakafuni. Mtoto kageuza mchezo, anahesabu. Jana alifika arobaini na moja ndipo akalala.

Kosa ni mkono wangu, kijiti, au hewa? Waliowahi kufanya naomba msaada.

#2 Chalii_wa_Sakina
Nimeingia mbio nikijua uzi una ubuyu, kumbe uzi ni uzi.

#3 Mstaafu_Ringi
Hewa. Nilisimama kwenye mashine za kusokota miaka kumi na moja, kiwanda kimoja cha nguo hapahapa Arusha. Ndani tulikuwa tunanyunyiziwa mvuke kutwa nzima, mtu anatoka zamu shati limeloa kama kanyeshewa. Siku mitambo ya mvuke ikigoma, nyuzi zinakatika huku na huku, tunakimbia kuziunga kwa vidole mpaka miguu inavimba. Pamba ikikauka inakatika kama jani la mgomba la Januari. Sasa tuko Februari, vumbi la mji huu mnalijua. Binti, mwagia maji sakafuni, funga dirisha, ndipo usokote.

#4 Fundi_Pasua
Shikamoo mzee. Hewa sikatai, ila mimi naanza na kijiti. Huyo seremala kachonga mti gani? Kama ni mninga na kibao juu yake, hicho si kijiti tena, ni nyundo. Uzi wa anayeanza haujasokoteka vya kutosha, halafu unautundikia nyundo, utaacha kukatika? Nenda kwa muuza viungo mwenye mzani wa gramu. Cha mwanafunzi kiwe kama gramu 30 hadi 40 kwa sufu, pamba inataka chepesi zaidi ya hapo.

Na kibao kiwe kipana, uzito ukae ukingoni. Kikiwa hivyo kinazunguka polepole na kinadumu. Kibao kidogo kinene kinakwenda mbio, kinasimama, kisha kinarudi nyuma. Kikirudi nyuma kinafumua kila ulichosokota na wewe huna habari, unashangaa tu kimedondoka.

#5 Mama_Kijenge
Marahaba kwa niaba ya mzee, hahaha. Mti siujui, ni mwekundu. Nimetoka kupima kwa muuza iliki: gramu 112.

#6 Fundi_Pasua
Nyundo.

#7 Binti_Rau
Msimtishe mwenzenu na mizani. Mimi nilianza na kiazi. Kiazi mviringo kidogo, kijiti cha mshikaki kikapita katikati, nikajifunzia hapo wiki nzima hadi kikaanza kuota.

Kosa la anayeanza ni haraka, anavuta huku kijiti kinaning'inia. Mambo mawili kwa mpigo. Dada fanya hivi: kaa kitini. Funga kipande cha uzi wa dukani kwenye kijiti, hicho ndicho cha kuanzia, nyuzinyuzi zako zishikane na ncha yake. Zungusha kijiti mpaka uzi ushibe msokoto, kisha kibane kwa magoti kisiende popote. Mkono wa kushoto ubane pale msokoto unapoishia, wa kulia uvute nyuzinyuzi taratibu, zirefuke bila kuachana. Ukipata wembamba unaoutaka, legeza vidole vya kushoto. Utaona msokoto unapanda wenyewe kama siafu ukutani. Viringisha kwenye kijiti, anza tena. Siku mikono ikizoea ndipo uachie kining'inie.

Kujua kama umesokota vya kutosha: legeza uzi kidogo. Ukijikunja wenyewe kama waya wa simu ya mezani, basi. Ukilala kama tambi iliyoiva, bado.

#8 Mangi_Kibosho
Waya wa simu ya mezani umetaja umri wako dada.

#9 Binti_Rau
Ofisini kwetu upo mpaka leo, mangi. Na inaita.

#10 Mitumba_Memorial
Swali dogo. Mleta uzi, hiyo malighafi ni nini hasa? Mzee kaongelea pamba, fundi kaongelea sufu, wewe mwenyewe hujataja.

#11 Mama_Kijenge
Ni hiyo hiyo sufi. Kwenye video walisema manyoya ya kondoo, nikamwambia mzee wa sokoni nataka sufi, akanipimia. Nyeupe inayoelekea rangi ya maziwa, inang'aa, laini ajabu, ukipiga chafya imejaa chumba kizima. Ila ina vimbegu vyeusi, natoa kimoja kimoja.

#12 Mitumba_Memorial
Dada. Kondoo ana mbegu?

#13 Chalii_wa_Sakina
Nimeanguka kwenye bodaboda na nilikuwa nimepaki.

#14 Kamusi_Hai
Ngojeni, msimcheke, herufi moja tu imemponza. SUFI ni ile ya mti wa msufi, ule mrefu wenye miiba kwenye shina, inajazwa kwenye mito na magodoro. SUFU ndiyo manyoya ya kondoo. Mzee wa sokoni kampa alichotamka. Na wale masufi wa kwenye dini, wengi wanaeleza kwamba waliitwa hivyo kwa Kiarabu kwa sababu ya kuvaa sufu. Kwa hiyo masufi wanatokana na sufu, si na sufi. Lugha hii ina utani.

#15 Mangi_Kibosho
Kwa hiyo mto wangu hauna ucha Mungu wowote.

#16 Mstaafu_Ringi
Hapo sasa nimeelewa. Sufi ina ukaidi wake. Kiwandani tulikuwa na chumba cha kupimia chenye darubini. Unyuzi wa pamba ukikauka unabonyea na kujipinda wenyewe, unaonekana kama utepe uliosokotwa. Ndiyo maana unyuzi mmoja unamshika mwenzake. Sufi ni kama mrija: ndani hewa, nje nta, laini pande zote. Unazisokota zinateleza. Zamani walijaza maboya ya kuokolea watu majini kwa sababu hiyo hiyo, haishiki maji.

Hata hivyo suala la hewa liko palepale.

#17 Fundi_Pasua
Na gramu 112 ziko palepale.

#18 Bi_Mkubwa_Tanga
Mnaikandamiza sufi bure. Inakubali, ila haiendi peke yake. Changanya na pamba, pamba iwe nyingi, zichane pamoja mpaka usizitofautishe. Na kwetu Pwani hiyo kazi tunaiita kupota.

#19 Mama_Kijenge
Nimecheka hadi mtoto kauliza mama kuna nini. Wiki tatu nasokota mto! Asanteni. Sasa sufu yenyewe naipata wapi hapa Arusha?

#20 Chalii_wa_Sakina
Kondoo wamejaa Ngaramtoni siku ya soko. Nunua mmoja, manyoya ya kofia, kinachobaki tunakuja na ndimu.

#21 Mfugaji_Monduli
Chalii usimpoteze mama wa watu. Kondoo wetu hawana sufu. Huyu mwekundu wa Kimasai ana nywele kama mbuzi, na yule mweupe wa kichwa cheusi aliyetokea Usomali naye hivyo hivyo. Tunawafuga kwa nyama na mafuta, na huyu mwekundu ana sifa ya kustahimili minyoo kuliko wa kigeni. Kumkata nywele hakuna faida, hazirefuki. Siku hizi kuna Dorper kutoka Afrika Kusini, huyo ana mchanganyiko, kasufu kidogo na nywele, na anajipukutishia mwenyewe kwenye miti. Utaokota gunia mwaka mzima.

#22 Msanii_Majengo
Ninathibitisha kwa uchungu. Mwaka juzi nilitaka kutengeneza zulia dogo la maonyesho. Nikaomba ngozi ya kondoo machinjioni, nikainyoa kwa mkasi jioni nzima. Nilichopata ni kama nywele za mbwa wa jirani: fupi, ngumu, zilizonyooka. Nikazichana kwa brashi, nikasokota, nikapata kitu kirefu kama kalamu chenye vichomi pande zote. Chumba kilinuka wiki. Mke wangu hajawahi kuniuliza zulia liko wapi, na namshukuru kwa hilo.

#23 Mfugaji_Monduli
Pole mkuu. Ungeuliza.

#24 Dada_Namanga
Sufu ya kweli ya karibu ni Kenya. Kule Molo kwenye baridi wanafuga kondoo wa sufu, na Nanyuki kuna kinamama wanasokota kwa magurudumu miaka nenda rudi. Mimi dada yangu aliniletea mfuko. Ilikuwa na mafuta yake ya asili, ukishika mikono inabaki laini siku nzima, ila imejaa samadi na majani.

Sasa sikilizeni nilivyoiharibu. Nikachemsha maji, sabuni ya unga, nikafikicha kama nafua jinzi, nikasuuza na maji ya bomba ya Namanga ya asubuhi. Nilipoinua, mfuko mzima umekuwa kitu kimoja, kama zulia la kuswalia lililokunjwa. Hakuna unyuzi hata mmoja niliyeweza kuuchomoa. Sasa hivi ni kitanda cha paka.

#25 Binti_Rau
Maji ya moto hayakuwa kosa, dada. Kosa ni kufikicha, na kutoka moto kwenda baridi ghafla. Unyuzi wa sufu una magamba kama ya samaki, ukiusugua ukiwa umelowa yanashikana na hayaachani tena. Ilivyo: maji ya moto na sabuni kwenye beseni, zamisha, USIGUSE. Subiri, toa, beseni la pili lenye joto hilo hilo. Anika kivulini.

#26 Dada_Namanga
Ungekuwepo mwaka jana ningekuwa na shali na paka angelala chini.

#27 Msukuma_wa_Moshi
Kwa nini mnavuka mipaka na pamba iko nchini? Mimi kwetu ni Maswa, Simiyu. Wakati wa mavuno tulikuwa tunachezea mbegu, unashika mbegu na pamba yake, unavuta kwa vidole viwili huku unazungusha, uzi unatoka moja kwa moja bila kijiti. Mama_Kijenge tafuta mtu akuletee pamba mbegu kilo mbili, itakufundisha kuliko hiyo sufu ya samadi.

#28 Fundi_Pasua
Msukuma umesema vizuri ila umpe habari kamili. Pamba ndiyo ngumu kwa anayeanza. Unyuzi wake hauzidi sana sentimita tatu, wa sufu unafika saba, kumi na zaidi. Ukivuta kidogo tu umeshapita mwisho wake, umebaki na hewa mkononi. Inataka msokoto mwingi na kijiti kisichoning'inia. Jirani zetu wa zamani hapa Moshi walikuwa Wahindi, bibi yao alikuwa na kijiti cha chuma chembamba anakiita takli, ncha imekaa ndani ya bakuli, uzito wote uko bakulini, uzi haubebi kitu. Anasokota huku anatugombeza tusipande mwembe.

#29 Mangi_Kibosho
Kama Gandhi.

#30 Fundi_Pasua
Gandhi alitumia gurudumu, charkha. Ila ndiyo, pamba hiyo hiyo.

#31 Mwalimu_Marangu
Pamba si lazima itoke Maswa. Duka lolote la dawa wanauza.

#32 Mstaafu_Ringi
Ya duka la dawa imechemshwa hadi nta yake ya asili imetoka, ndiyo maana inanyonya. Na mara nyingi ni nyuzi fupi zilizobaki. Mwanafunzi ataumia moyo.

#33 Mwalimu_Marangu
Mzee, mimi ndiyo niliyojifunzia. Sikujua kwamba haiwezekani.

#34 Mstaafu_Ringi
Marangu kuna ukungu, mwalimu. Hewa yenu ina maji. Unaona?

#35 Chalii_wa_Sakina
Mzee na hewa yake hawaachani 😂
Ila wakuu, si hata babu zetu walivaa ngozi tu? Hii kusokota ni ya Wazungu na Wahindi, ndiyo maana inatukatikia.

#36 Kamusi_Hai
Chalii, hapana. Kilwa wamechimbua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati. Ndiyo kile kibao cha chini cha kijiti cha Mama_Kijenge, wao walitumia chungu kilichovunjika. Na bara, Wafipa na Wanyamwezi walifuma nguo za pamba waliyosokota wenyewe. Kisha karne ya 19 ikaja merikani kupitia Zanzibar, nguo ya viwanda vya Marekani, rahisi. Nani atasokota mwezi mzima?

#37 Bi_Mkubwa_Tanga
Usiiuzie merikani kesi yote. Wafipa waliendelea kufuma miaka mingi baada ya merikani kufika, wasafiri waliwakuta. Nguo yao ilikuwa nzito na inadumu. Kuna waliosema kodi na kazi za vibarua za wakoloni ndizo zilizomaliza muda wa watu. Sababu zilikuwa nyingi.

#38 Fundi_Pasua
Kigae! Hebu fikirini, kigae cha chungu ni chepesi, kipana, hakigharimu. Mama_Kijenge vunja chungu.

#39 Mama_Kijenge
Chungu changu cha makande? Thubutu.

#40 Mwalimu_Marangu
Tukiacha Kilwa, hapa Uchagani bibi zetu walisokota kila siku ila hatukuita kusokota uzi. Bibi yangu alikuwa anachana ganda la mgomba lililokauka, anashika vipande viwili, anaviviringisha kwenye paja kwa kiganja kwenda mbele, vyote pamoja kila kimoja peke yake, kisha kiganja kinarudi nyuma na vinakumbatiana. Mbele, nyuma. Paja lake upande wa kulia lilikuwa limeota sugu linang'aa. Kamba hiyo ilifunga mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka chini tambarare hadi nyumbani na haikuwahi kufumuka.

Siri yake ni kwenda na kurudi. Kila mmoja unausokota kulia, ukiunganisha unazungusha kushoto. Kila mmoja anataka kufumuka, na akifumuka anamkaza mwenzake. Uzi wa kofia ni hivyo hivyo. Mama_Kijenge usifumie uzi mmoja mmoja, kofia itapinda upande. Unganisha miwili, lowesha maji ya vuguvugu, tundika ukauke.

Ushauri wangu: anza na mgomba. Nyuzi ndefu, hazikatiki, mkono unajifunza.

#41 Binti_Rau
Mwalimu, mgomba unafundisha mkono kukaza. Sufu inataka mkono mwepesi. Atajifunza kukaba halafu aje aanze kujifunza kuachia. Mimi nasema asipitie huko.

#42 Mwalimu_Marangu
Bibi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote humu.

#43 Binti_Rau
Bibi simgusi, shikamoo yake.

#44 Mama_Kijenge
Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu ya Machi sasa. Taarifa:

Binamu kaniletea pamba mbegu kidogo kutoka Shinyanga. Mbegu nimetoa kwa mkono jioni nne. Nimechana kwa brashi mbili za mbwa, nikaviringisha vijimkate vyepesi kama sigara. Kijiti kipya nimetengeneza mwenyewe: kijiti cha mshikaki na kifuniko cha ndoo ndogo ya rangi nilichokikata duara. Muuza iliki kapima gramu 14, akaniuliza nauza nini siku hizi.

Jumamosi, mvua ya masika inapiga bati, nimekaa kitini, ncha ya kijiti kwenye bakuli la uji la mtoto, nimebana na magoti kama Binti_Rau alivyosema. Nikavuta. Nikalegeza vidole. Msokoto ukapanda. Nikavuta tena. Uzi ukafika urefu wa mikono yangu miwili iliyonyooshwa kabla haujakatika! Una mafundo kama nyoka aliyemeza mayai, penye mafundo laini, penye wembamba umekaza kama waya. Lakini ni uzi. Mtoto kahesabu moja, akangoja, akasema mama mbona humalizi.

#45 Mstaafu_Ringi
Mvua. Mmesoma wenyewe. Mvua inapiga bati.

#46 Fundi_Pasua
Gramu 14, mzee. Kutoka 112.

#47 Binti_Rau
Magoti.

#48 Msukuma_wa_Moshi
Pamba ya kwetu hiyo.

#49 Bi_Mkubwa_Tanga
Hayo mafundo yana maana: msokoto unakimbilia penye wembamba na kupaacha penye unene. Unavuta bila kusawazisha. Tanua umbali kati ya mikono kidogo, usivute palepale vidole vilipobana.

#50 Mama_Kijenge
Asante bi mkubwa, leo nimejaribu hivyo. Imekatika mara sita tu. Na leo jua linawaka, mzee wangu wa hewa samahani.

#51 Mstaafu_Ringi
Ulikaa karibu na jiko?

#52 Mama_Kijenge
…Kulikuwa na maharage yanachemka.

#53 Mstaafu_Ringi
Haya.

#54 Mitumba_Memorial
Mleta uzi, ile sufi nusu kilo iliyobaki unaitoa bei gani? Nina mito miwili imelala.

#55 Mama_Kijenge
Njoo PM. Mbegu nimeshatoa zote, kwa hiyo bei imepanda.